Ngamia Tuliowaacha Bila Namba

Abti,

Sijui salamu humfikia kwa njia gani mtu aliye chini ya mchanga, lakini nimeitoa kwa sauti kabla ya kuketi. Niko karakana, upande wako wa meza. Nimekalia kiti chako kwa sababu changu kimevunjika mguu, usije ukafikiri nimekurithi.

Nakuandikia kwa Kiswahili maana kazi tuliifanya kwa Kiswahili. Nyumbani tulikuwa watu wa Kisomali, mimi nakuita abti na wewe unaniita abti, kama wajomba wote na watoto wa dada zao. Lakini tukishafungua mlango huu, bisibisi ilikuwa bisibisi na pampu ilikuwa pampu, ingawa wewe uliiita "bamba" mpaka mwisho. Ufundi ulijifunza kwa watu wa Isiolo, na lugha ya ufundi haikukutoka tena. Hata ulipojifunza kuandika programu kwa lugha ya C ya kompyuta, kichwa kikiwa na mvi tayari, maelezo ya pembeni uliyaandika kwa Kiswahili. /* hapa jua linatoka */. /* hapa betri imechoka, iachwe ilale */. Nayasoma kila siku. Ni kama kumsikia mtu akijisemea chumba cha pili.

Miezi mitano sasa. Yaliyobadilika hapa Garissa si mengi. Fundi cherehani wa jirani amehama, mahali pake pana mtu wa kutengeneza simu na redio yake isiyozimwa. Mama amepunguza sukari kwenye chai, anasema mwenye kupenda sukari ameondoka. Kofia yako bado iko kwenye msumari na sijaigusa.

Ndoto nayo bado iko. Jina hilo ulilitoa wewe. Chuoni walituambia ni mwigo, nami nilipokuja na neno hilo ulicheka, ukasema kuiga ni kazi ya kasuku. Ni programu inayojifanya chipu, inajifanya kisima, inajifanya jua la kijiji cha Hadado, ili msimbo wetu uamini uko kazini kumbe uko hapa juu ya meza ya mbao. Kila nilipotaka kukimbilia sanduku lenyewe la kuongoza pampu ulinishika mkono. "Twende kwa ndoto kwanza. Bole bole. Bamba ikiungua kwa ndoto, hakuna mtu analala na kiu."

Nimekaa humo zaidi kuliko nilivyokaa nyumbani. Baada ya adhuhuri, mji ukilala na mabati yakilia kwa joto, naiwasha, na jua la ndani linaanza kupanda. Siku thelathini zinapita kabla chai haijapoa. Maji yanashuka kisimani, yanapanda, mawingu uliyoyatia kwa mkono wako yanapita yakielekea upande wa Wajir, betri inasinzia, inaamka. Nikichoka na mbio hizo naweka alama kwenye mstari mmoja, na dunia nzima inasimama pale. Jua linasimama. Tone la maji linasimama mdomoni mwa bomba. Hapo naweza kuuliza kila kitu kina thamani gani, na kila kitu kinanijibu. Mara nyingine siulizi. Naiangalia tu hiyo asubuhi iliyosimama, na naona ungeweza kutokea upande wa birika la kunyweshea mifugo, kikoi chako cha macawis umekikunja mpaka gotini, ukiuliza nani amesimamisha jua. Kisha muadhini wa alasiri ananitoa.

Ningependa kubaki hapo, abti. Lakini nina jambo la kukwambia, na nimelizunguka vya kutosha.

Unalikumbuka sanduku la Hadado. Kazi yake ilikuwa moja, kuamua lini pampu ivute maji na lini ipumzike. Ikivuta kidogo, birika la kunyweshea linakauka mifugo ikiwa foleni. Ikivuta kupita kiasi, kisima kinaisha maji, pampu inavuta hewa na kuungua, na pampu ikiungua Hadado hupati nyingine kesho yake. Ili liamue, sanduku lilitaka kujua ni ngamia wangapi wanaokuja kunywa.

Hapo ndipo adabu yako ilipogoma. Nakumbuka tulivyokaa na yule mzee mwenye ngamia, aliyevaa kizibao cha kijani. Nilikuwa nimeshafungua daftari, ukanikanyaga mguu. Mtu haulizwi ana ngamia wangapi. Ni kama kumwambia avue shati tumwone mbavu, na namba ikishatajwa, jicho la hasidi halichelewi. Mwenyewe hawahesabu, anawajua kwa majina. Ukamuuliza habari ya mvua, habari ya malisho, habari ya kupe, ukamuuliza mpaka habari ya shemeji yake, tukaondoka bila namba. Ndani ya gari ukaniambia, "Nimeacha mahali pake wazi. Wewe umesoma, utatafuta njia. Mimi siwezi kumuuliza mtu."

Ni kweli uliacha. Mstari upo: int ngamia, yaani idadi ya ngamia, basi, hakuna kitu mbele yake. Pembeni umeandika: /* mali ya watu haihesabiwi. Ifrah atajua */.

Ifrah hakujua, abti. Wala sikutafuta.

Niliona haya kama wewe, tena mimi msichana, nimsimamie mzee wa watu na kalamu? Nikaipitisha programu kwenye ndoto ilivyo, na ikafanya kazi. Asubuhi mia tatu mfululizo, pampu inaamka, inavuta, inapumzika. Nisikufiche, kompyuta ilikuwa imetoa onyo. Ilisema kuna kitu kinatumika kabla hakijapewa thamani. Lakini maonyo yalikuwa mengi, mengine ya kipuuzi, nami nilikuwa nimeyazima yote ili nipate kufikiri. Ukaja na kikombe chako, ukauliza, "Iko fizuri?" Nikasema iko sawa. Ukasema basi, ukafunga kifuniko cha sanduku kwa skrubu nne.

Wiki tatu lilifanya kazi mpaka Mama Habiba, mwenyekiti wa kamati ya maji kule, akawa anakutumia dua kwa simu. Kisha likaingia wazimu. Leo linavuta, kesho linakataa na birika liko tupu, keshokutwa linavuta mpaka kisima kinakoroma na Mama Habiba anakimbia kuzima swichi kwa mkono, harufu ya kuungua iko puani. Siku hiyo walikupigia mara tano. Uliniuliza kama nina hakika na programu. Nikasema tatizo ni kihisi cha kupima maji, hata sikuinua uso. Ukapanda lori la asubuhi. Njiani, mji wa Modogashe, lori likasimama kupakua mizigo, ukaketi kibandani kuagiza chai, na ule moyo wako uliokusumbua miaka yote ukasimama kabla chai haijafika. Walikuzika hukohuko kabla ya alasiri. Sisi tulipata habari kwa simu ya mtu tusiyemjua.

Mama hajawasamehe watu wa Hadado. Anasema walimwita mtu wa moyo mgonjwa kama wanavyoita mbuzi. Jina la Mama Habiba likitokea kwenye simu, anaigeuza uso chini mpaka inyamaze. Nami nilimwacha aamini hivyo.

Nimefanya baya kuliko hilo. Siku za matanga zilipokwisha kamati walinipigia, wakauliza sanduku lina nini. Nikawajibu kwamba marehemu aliandika mwenyewe, sijui aliweka nini humo. Maneno hayo yametoka kwenye kinywa hiki. Nilimsikia Mama Habiba akivuta pumzi, akasema, "Marehemu hasemwi, mwanangu. Wewe tengeneza tu." Wakanipa muda mpaka mwezi wa Ramadhani uandame. Baada ya hapo wangeling'oa na kurudi kwenye jenereta ya dizeli, na jina lako lingebaki Hadado kama jina la sanduku lenye wazimu.

Basi nikaanza kutafuta kosa lako. Kosa lako, sikiliza nilivyosema. Nilikuwa na hasira na wewe, hasira ya mtu aliyeachiwa mzigo njiani. Nilipita kila mstari nikitaka kukukamata. Kuna mahali umezunguka mlima mzima kwa kutojua kwamba pana njia ya mkato, lakini kila mara ulifika. Na ndoto ilikuwa ikinidanganya kwa upole. Nikiiwasha, pampu inaamka, inavuta, inapumzika. Wiki baada ya wiki nilikaa kwenye joto nikiangalia siku njema zikipita, moja baada ya nyingine, hata nikaanza kuona afadhali nihamie huko.

Aliyenipa njia ni Mama Habiba, bila yeye kujua. Nilimpigia kuuliza jambo jingine, akawa analalamika: "Likikesha halina shida. Lakini likilala, asubuhi linaamka kama mgeni kwenye nyumba ya watu. Halijui liko wapi." Nikamshukuru, nikakata simu, nikakaa na maneno hayo. Wiki tatu za mwanzo jua lilikuwa kali, betri haikuisha, sanduku halikulala hata mara moja. Baadaye yakaja mawingu yasiyo na mvua, na likaanza kulala na kuamka.

Nikaweka alama kwenye mstari wa kwanza kabisa, pale linapofumbua macho. Nikauliza kila kitu kina nini. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Kila kona ya kumbukumbu ilikuwa sifuri, nyumba iliyofagiwa. Feni inazunguka juu yangu, redio ya jirani inasema bei za mbuzi, nami nikajiuliza: hii ni ndoto, imefagiwa. Chipu ya kweli inafagiwa na nani?

Haifagiwi na mtu. Chipu ya kweli ikipata umeme huamka na chochote kilichobakia humo, kama nyumba ya kupanga ambayo aliyehama ameacha matambara yake. Na kitu ambacho hujakipa thamani huokota tambara la karibu kikalivaa.

Nikaiamuru ndoto iache kufagia. Kila alfajiri iijaze kumbukumbu takataka. Alfajiri ya kwanza pampu ilivuta vizuri. Ya pili ikakataa. Nikalisimamisha jua, nikauliza ngamia ni wangapi. Elfu kumi na tisa na kitu, chini ya sifuri. Abti, sanduku letu liliamini kuna ngamia elfu kumi na tisa ambao hawapo, wanakuja kisimani kurudisha maji. Niliwaona, wallahi, wanakuja kimya kimya bila vumbi, wanainama, na birika linajaa. Nilicheka mpaka yule wa simu akachungulia mlangoni. Alfajiri ya tatu walikuwa elfu thelathini wenye kiu ya kweli, na pampu ikavuta mpaka kisima cha ndoto kikakauka. Sifuri ya ndoto ndiyo iliyotuficha hilo, maana bila ngamia pampu huvuta kipimo chake cha kawaida tu. Nikayawasha yale maonyo niliyoyazima. Mstari ule wa ngamia ulikuwa wa kwanza kwenye orodha.

Kicheko kilinikauka. Haikuwa wewe. Haikuwa kihisi, wala watu wa Hadado. Uliniachia mahali pamoja wazi, nikakwambia iko sawa, nawe ukapanda lori kwa sababu ya neno hilo. Najua siku zako zilikuwa zimeandikwa, ungekufa hata ungekuwa umelala kitandani pako. Imamu alisema, nami naamini. Lakini aliyekupandisha lori lile ni mimi, na hilo pia naliamini. Yote mawili yanakaa kifuani mwangu na hayasalimiani.

Unajua namba niliipataje? Kwa simu ya dakika moja. Kuuliza si ujinga, na kumbe tulikuwa na njia ya kuuliza bila kumvunjia mtu heshima. Nilimuuliza Mama Habiba, siku ya ngamia birika hujazwa mara ngapi? Akajibu hapohapo: mara tisa, kiangazi kikikaza kumi na moja. Birika ni la kamati, halina mwenyewe wa kulionea haya, wala hasidi hashughuliki nalo. Nikafuta neno ngamia nikaandika birika, nikalipa namba yake, nikapitisha alfajiri chafu elfu moja. Hakuna hata moja iliyokataa. Nililia kwa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Nikaipeleka programu Hadado mwenyewe. Modogashe gari lilisimama karibu nusu saa. Dereva, aliyekujua, aliniuliza kama nashuka nikuombee dua. Nikasema kichwa kinaniuma, nikajifunika mtandio mpaka tukaondoka. Ulikuwa hapo, labda hatua mia mbili kutoka barabarani. Sikuwa na uso wa kuja kwako.

Hadado kamati ilikusanyika kwenye kivuli cha paneli za sola. Nilisema nilichokwenda kusema: kosa si la marehemu, ni langu, na nilimsingizia kwenu mtu asiyeweza kujitetea. Kisha mwenye kizibao cha kijani, yule yule, akauliza sanduku lilikuwa limemhesabia ngamia wangapi. Nikamwambia. Akafikiri, akasema hao wa chini ya sifuri si wake, labda ni wa watu wa Rhamu kule mpakani. Watu wakacheka, na baada ya kucheka wakainua mikono wakakuombea dua ndefu. Asubuhi yake sanduku liliamka mbele ya kila mtu na kuvuta maji kama mtu anayejua kwake. Jina lako liko safi Hadado, abti.

Lakini hayo ni Hadado. Nimerudi siku tisa zilizopita, na mama bado hajui. Kuwaambia watu wa mbali ni kazi nyepesi. Yeye ni dada yako. Alikubeba mgongoni kabla hajanibeba mimi. Naogopa atanigeuza uso chini kama ile simu, nami ndiye niliyebaki mezani kwake. Kila siku nafika mlangoni na maneno, nasikia anavyowalaani watu wa Hadado, namsaidia kuosha vyombo, nalala. Mficha uchi hazai, ndiyo, lakini anayesema hivyo hajawahi kusimama kwenye jiko la mama yangu.

Ndiyo maana naandika. Nayajaribu maneno hapa kwanza. Nimeisoma barua yote kwa sauti, karatasi haikusema kitu. Naiacha hapa, nakwenda nyumbani.

*

Abti, ni kesho yake. Nimemwambia.

Alikuwa anapika anjera ya asubuhi, zile chapati zetu za maji, anamimina unga kwa mzunguko kama anavyofanya. Nilimwambia yote bila kupumzika, mahali palipoachwa wazi, onyo, neno nililokwambia, kihisi nilichokisingizia, na kwamba Hadado hawakukuita bure, walikuita kwa sababu yangu. Anjera ikaungua. Hakunikumbatia wala hakunigeuzia uso. Aliuliza kitu kimoja: "Ulimwambia iko sawa na unajua haiko sawa?" Nikasema hapana, sikujua. Lakini nilikuwa na njia ya kujua, na niliizima.

Aliibandua ile anjera iliyoungua, akaiweka kwenye sahani yake, akaila yote, nyeusi vile vile. Nzuri iliyofuata akanipa mimi. Kisha akanawa mikono, akachukua simu, akampigia Mama Habiba. Zikaanza salamu za kwetu, za watu, za mifugo, za mvua, na wala hawakukutaja mpaka mwisho. Mwisho mama akasema, "Nisamehe, dada. Nilikuwa nimewabebesha mzigo wa nyumbani kwangu." Sikusikia alichojibiwa. Niliona tu mabega ya mama yakishuka.

Alipoweka simu nilimuuliza kama na mimi amenisamehe. Akasema, "Si mimi wa kuombwa kwanza. Ijumaa tunakwenda Modogashe. Utamwambia mwenyewe." Najua watakuwepo wa kusema wanawake hawaendi makaburini. Mama amesema waje wamwambie yeye.

Basi pumzika, abti. Mungu akulaze mahali penye kivuli na maji baridi, asiyahesabu makosa yako, na kama kuna yaliyo yangu yameandikwa kwako, ayarudishe kwangu. Karakana naifungua kila siku, na maonyo nimeyawasha yote, hata ya kipuuzi. Nakuahidi hayatazimwa. Barua hii siji nayo. Nitakuja na mdomo wangu, kwa Kisomali, dada yako amesimama pembeni.

Ijumaa gari likisimama Modogashe, nashuka.

Mtoto wa dada yako,
Ifrah